Mtakatifu Ignatius, Msimamizi wa Mafungo

Wakatekumeni wapenzi, kabla ya kubatizwa mtaingia mafungo. Siku hizo mtakaa kimya, mtasali, mtayafikiri mambo ya Mungu. Wengine hudhani kwamba kazi ya mafungo ni kufunga mdomo tu. Maisha ya Mtakatifu Ignatius wa Loyola yatuonyesha kwamba kazi hiyo huanza kabla ya kimya chenyewe.

Ignatius alizaliwa mwaka 1491 katika nchi ya Wabaski, upande wa kaskazini wa Hispania, katika jamaa ya wakubwa. Ujanani alipenda silaha, nguo nzuri na sifa za watu. Mwezi wa Mei 1521 Wafransa waliushambulia mji wa Pamplona, naye alikuwa miongoni mwa walinzi wa ngome. Risasi ya mzinga ikamvunja mguu wa kuume na kuujeruhi wa kushoto. Akachukuliwa mpaka kwao Loyola. Mfupa ukaungana vibaya. Waganga wakauvunja tena, wakakikata kwa msumeno kipande kilichotokeza.

Alipokuwa mgonjwa kitandani aliomba vitabu vya hadithi za mashujaa. Havikuwamo nyumbani. Akapewa kitabu cha maisha ya Yezu Kristu na kingine cha maisha ya Watakatifu. Akasoma, akafikiri, akatambua neno moja. Akiwaza fahari ya dunia, alifurahi kitambo, halafu moyo ukabaki mkavu. Akiwaza kuwafuata Watakatifu, furaha ilidumu. Basi akaanza kuyachungua mawazo yake, kama mama apepetavyo nafaka: makapi mbali, punje mbali.

Alipopona alikusudia kuhiji Yeruzalemu. Lakini hakuondoka ovyo. Mtawala aliyemtumikia zamani alikuwa bado na deni kwake. Ignatius akaidai fedha hiyo, akawagawia watu aliojiona ana wajibu kwao, na sehemu akaitoa kwa kutengeneza sanamu ya Bikira Maria. Mwezi wa Machi 1522 akafika Montserrat, monasteri iliyo mlimani. Huko akaandika dhambi zote za maisha yake, akaziungama kwa siku tatu. Akampa maskini mmoja nguo zake nzuri, naye akavaa vazi la gunia. Akauacha upanga wake katika kanisa la Bikira Maria, akakesha usiku kucha akisali mbele ya altare.

Kisha akashuka mpaka Manresa, mji ulio karibu, akakaa huko miezi 11 hivi. Aliomba chakula kwa watu, akasali saa 7 kila siku akipiga magoti. Mwanzo alikuwa na furaha, lakini baadaye giza lilimwingia. Alidhani hakuungama vema; akaungama tena na tena, asipate amani. Uchungu ukazidi, hata akashawishwa kujitupa katika shimo lililokuwa chumbani mwake ili afe. Akakataa, asije akamkosea Mungu. Akaona afadhali afunge kula. Akafunga juma zima. Padri aliyemwungamisha alipopata habari, akamwamuru ale. Ignatius akatii. Baadaye akatambua kwamba mahangaiko yale hayakutoka kwa Mungu, akaacha kuzirudia dhambi zilizokwisha kuondolewa, na amani ikarudi.

Mambo aliyojifunza Manresa aliyaandika. Maandiko hayo ndiyo kitabu cha Mazoezi ya Kiroho, ambacho Papa Paulo III alikithibitisha mwaka 1548. Chaongoza mafungo ya siku 30 hivi: kwanza kuzifikiri dhambi, kisha maisha ya Yezu, mateso yake na ufufuko wake. Tena chataka mwenye mafungo awe na kiongozi, ambaye atamweleza moyo wake bila kuficha.

Mwaka 1529 Ignatius alikaa chumba kimoja na Pierre Favre, mwanafunzi wa Paris, aliyekuwa mchunga kondoo utotoni. Favre naye alisumbuliwa na mahangaiko ya dhamiri. Je, Ignatius alimwingiza mafungoni upesi? Hapana. Alimtayarisha karibu miaka 4. Alimfundisha kuungama maisha yake yote, kupokea Komunyo kila juma, na kuichungua dhamiri kila siku. Hata mwanzo wa 1534, katika baridi kali, Favre akaingia mafungo yake. Mwaka huohuo akawa padri.

Papa Paulo III aliukubali utawa wa Wayezuiti, ulioanzishwa na Ignatius na wenzake, mwaka 1540. Ignatius alikufa Roma tarehe 31 Julai 1556, akatangazwa Mtakatifu mwaka 1622. Mwaka 1922 Papa Pio XI alimweka awe msimamizi wa mafungo.

Nanyi basi, wapenzi, msingojee kengele ya siku ya kwanza. Mwenye deni alilipe. Aliyegombana na ndugu apatane naye kwanza, maana ugomvi hausikii amri ya kunyamaza. Utapiga kelele moyoni usiku kucha. Kila jioni jiulizeni mmefanya nini mchana. Msijitwike kufunga kupita nguvu zenu. Na giza likiwaingia, msikae nalo peke yenu, bali mwelezeni padri au katekista mara moja. Ignatius alipomtii padri akala chakula, hakupungukiwa na utakatifu. Mtakatifu Ignatius atuombee, tuingie katika kimya tukiwa tayari kumsikia Bwana.