Thomas Morris Chester

Thomas Morris Chester (Harrisburg, Pennsylvania, 11 Mei 1834 – Harrisburg, 30 Septemba 1892) alikuwa mwandishi wa habari na mwanasheria kutoka Marekani. Anajulikana hasa kama mwandishi pekee mweusi aliyetumwa vitani na gazeti kubwa la kila siku wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865).

Maisha ya awali

Mama yake, Jane Marie, alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland, akatoroka na kufika Pennsylvania. Baba yake, George, alikuwa na mgahawa wa chaza mjini Harrisburg, ambako pia liliuzwa gazeti la wapinzani wa utumwa.

Mwaka 1853 Chester alihamia Liberia, akiamini kwamba Mtu mweusi angepata uhuru kamili Afrika kuliko Marekani. Baadaye alirudi kusoma Thetford Academy huko Vermont na kuhitimu mwaka 1856. Alikwenda tena Liberia, akafundisha na kuhariri gazeti la Star of Liberia.

Vita vilipopamba moto alikuwa Marekani. Mwaka 1863 alisaidia kuandikisha askari weusi wa vikosi vya 54 na 55 vya Massachusetts. Wakati huo askari mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, na kati yake 3 zilikatwa kwa ajili ya mavazi. Mweupe alilipwa 13.

Mwandishi wa vita

Mnamo Agosti 1864 gazeti la Philadelphia Press lilimwajiri na kumpeleka Virginia, ambako jeshi la Kaskazini lilikuwa likiibana miji ya Petersburg na Richmond. Aliripoti kutoka huko hadi Juni 1865, akitumia jina la Rollin.

Waandishi wengi wa Kaskazini walivitaja vikosi vya weusi kwa kupita tu, au walitilia shaka kama vingestahimili mapigano. Chester alikaa navyo kambini na kwenye mahandaki. Aliandika juu ya mashambulizi, doria na maisha ya kila siku ya askari, akataja majina ya waliouawa na waliojeruhiwa. Kwa njia hiyo wasomaji wa Philadelphia, wakiwemo jamaa za askari hao, waliwafahamu kama watu wenye majina. Pia aliwakosoa maofisa wa Kaskazini waliowatendea vibaya.

Tarehe 29 Septemba 1864 vikosi vya weusi vilishambulia ngome za Kusini huko New Market Heights, karibu na Richmond, na kupoteza watu wengi. Askari weusi 14 walitunukiwa Medali ya Heshima kwa ushujaa wao katika pigano hilo.

Kuanguka kwa Richmond

Tarehe 3 Aprili 1865 Richmond, makao makuu ya serikali ya Kusini, ilitekwa, na askari weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia. Chester alifika pamoja na jeshi. Alikwenda kwenye jengo la bunge la Kusini, akaketi kwenye kiti cha spika na kuanza kuandika ripoti yake. Kwa mujibu wa mwandishi mwenzake, Charles Carleton Coffin, ofisa mateka wa Kusini alimwamuru atoke, kisha akajaribu kumwondoa kwa nguvu. Chester alimwangusha kwa ngumi, akarudi kitini na kuendelea kuandika.

Siku iliyofuata rais Abraham Lincoln alitembelea mji huo. Chester alieleza jinsi watu waliotoka tu utumwani walivyojaa barabarani kumlaki.

Baada ya vita

Chester alisafiri Ulaya, akafika Urusi na kupokewa na Kaisari Aleksanda II. Alisomea sheria London katika Middle Temple, akawa wakili mwaka 1870. Mwaka 1871 alihamia New Orleans, Louisiana, akashika nyadhifa katika wanamgambo wa jimbo na katika usimamizi wa shule. Siasa za huko zilikuwa za hatari: Januari 1872 alijeruhiwa kwa risasi.

Alifariki nyumbani kwa mama yake mjini Harrisburg. Ripoti zake zilisahauliwa kwa miaka mingi hadi mwanahistoria R. J. M. Blackett alipozikusanya katika kitabu mwaka 1989. Leo ni kati ya kumbukumbu muhimu za askari weusi katika vita hivyo, zilizoandikwa na mtu aliyekuwa nao.