MAURICE WILKS, MKULIMA ALIYETUACHIA LANDROVA

Najua katika toleo hili wenzangu wengi wameandika juu ya mashujaa wa vita na viongozi wa nchi, na hiyo ni sawa. Mimi nimemchagua mtu ambaye hakutawala nchi yoyote, ila gari lake mmelipanda, au kama hamkulipanda basi limewarushia matope. Jina lake ni Maurice Wilks, Mwingereza. Gari lenyewe ni Landrova.

Kwanza niwaeleze sababu. Shule yetu ni ya kutwa, kwa hivyo jioni mimi hupitia kwenye gereji ya mjomba wangu kabla ya kwenda nyumbani. Mwaka jana mzee mmoja mfugaji alileta Landrova kuukuu ambayo giaboksi yake ilikuwa imekufa. Mjomba akapokea arubuni, akatafuta giaboksi ya pikapu ya Kijapani, akakata bamba nene la chuma ili aiunganishe na ile injini. Ilikuwa kazi ya siku tisa. Gari likatoka likinguruma na sisi sote tukapiga makofi. Hazikupita wiki mbili, gia ya tatu ikaanza kuruka yenyewe, halafu beringi ya mbele ikasagika kabisa. Kumbe lile bamba lilikuwa limekaa upande kidogo tu, labda unene wa ukucha, na shafti ya giaboksi ilikuwa ikizunguka bila kunyooka na injini. Mzee akarudi akidai pesa zake. Mjomba akauza mashine yake ya kuchomelea ili amlipe.

Mimi nilikuwa nimesikia kwamba hata Landrova ya kwanza kabisa iliungwaungwa. Sasa mbona ya Wilks ilikubali na ya mjomba ikakataa? Hapo ndipo nilipoanza kumsoma mtu huyu.

Maurice Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, kusini mwa Uingereza. Akiwa kijana alikwenda Marekani akafanya kazi na kampuni ya General Motors kuanzia 1926 hadi 1928, kisha akarudi kwao na kuingia kampuni ya Hillman. Mwaka wa 1930 akahamia Rover kama mhandisi mkuu. Kaka yake Spencer, aliyemzidi zaidi ya miaka kumi, alikuwa tayari yuko huko katika uongozi. Rover ya siku hizo ilikuwa na shida nyingi za pesa. Ndugu hawa wawili waliamua kutengeneza magari machache yaliyo mazuri, magari ya madaktari na mameneja wa benki, na kampuni ikapata nafuu.

Vita vilipokuja, serikali iliipa Rover kazi ya kuunda injini ya ndege ya jeti, iliyobuniwa na Frank Whittle. Hapa tabia ya Wilks inaonekana waziwazi. Hakuweza kuchukua mashine ya mtu mwingine na kuiacha ilivyo. Yeye na watu wake wakaanza kubadilisha mchoro wa Whittle, naye Whittle akakasirika vikali. Mwaka wa 1943 jambo likamalizwa kwa kubadilishana: Rolls-Royce wakachukua kazi ya jeti, na Rover wakapewa kazi ya injini za vifaru. Wako wanaomlaumu Wilks kwa ugomvi huu. Mimi naona walaumu taratibu, maana mchoro uliofanywa Rover ndio uliozaa injini ya Derwent ya Rolls-Royce.

Vita vilikwisha 1945. Kiwanda cha Rover mjini Coventry kilikuwa kimeharibiwa na mabomu, kwa hivyo wakahamia Solihull, katika kiwanda kikubwa kilichojengwa kwa ajili ya vita. Kiwanda kikubwa, wafanyakazi wapo, lakini chuma hakuna. Serikali ilikuwa ikigawa chuma kwa kibali, na waliopendelewa ni wale wenye bidhaa za kuuza ng'ambo. Nani ng'ambo angenunua gari la meneja wa benki? Rover ilihitaji kitu cha kuuza upesi, la sivyo kiwanda kingebaki bila kazi.

Wilks alikuwa na shamba huko Anglesey, kisiwa cha Wales, na kwa kazi za shamba alitumia jipu kuukuu la jeshi la Marekani. Inasimuliwa kwamba kaka yake alimwuliza atafanya nini jipu hilo likizeeka, naye akakiri kwamba itabidi anunue jipu jingine, kwa sababu hakuna gari lingine la namna hiyo. Aibu iliyoje kwa mkuu wa uhandisi wa kiwanda cha magari! Mwaka wa 1947, katika ufuo wa Red Wharf Bay, akachora mchangani umbo la gari alilolitaka.

Gari la kwanza la majaribio lilitumia chesisi na ekseli za jipu. Injini ilikuwa ya gari dogo la Rover, na usukani uliwekwa katikati kama wa trekta, ili gari moja lifae nchi za kuendesha kulia na za kuendesha kushoto. (Usukani huo wa katikati uliachwa baadaye.) Septemba 1947 wakurugenzi wakakubali mpango, na tarehe 30 Aprili 1948 Landrova ikaonyeshwa Amsterdam. Miezi saba tu! Bodi ilikuwa ya alumini, maana alumini haikuwa adimu kama chuma.

Sasa tuje kwenye giaboksi, na wasichana msiruke sehemu hii. Kubuni giaboksi mpya kungechukua muda na pesa ambazo Rover haikuwa nazo. Wilks na mafundi wake wakachukua injini na giaboksi za gari la kawaida la Rover, gari la lami, zikiwa zimeshikana vilevile kama kiwandani. Pale mbele, injini na giaboksi zinapokutana, pale mjomba alipoweka bamba lake, wao hawakuwa na kitu kigeni cha kuunga. Kazi mpya ilifanywa nyuma. Huko waliongeza kasha jingine ambalo mafundi wetu huliita transifa, lenye gia mbili, kubwa na ndogo. Gia nne za Rover zikizidishwa kwa mbili unapata nane za kwenda mbele. Ukiweka ile ndogo, nguvu kwenye magurudumu huongezeka karibu mara mbili unusu, na gari hupanda mlima polepole kama kinyonga. Tena kwa kuwa transifa iko nyuma ya giaboksi, nguvu hiyo ya ziada haipiti ndani ya giaboksi. Giaboksi ya meneja wa benki inaendelea kuhisi injini ileile. Mzigo unaangukia transifa, difu na shafti za ekseli, ndiyo maana mafundi wa Landrova za zamani wanajua sana kubadilisha shafti za nyuma zilizokatika.

Tena kuna swali la jinsi ya kufikisha nguvu kwenye magurudumu ya mbele. Propela haiwezi kupita katikati ya injini. Transifa basi huteremsha nguvu chini na upande wa kulia, na propela ya mbele hupita kando ya injini. Ukikutana na Landrova ya zamani, inama uchungulie: difu haiko katikati, iko upande wa kulia.

Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hutembea mwendo mrefu kuliko ya nyuma. Yakifungwa pamoja kwenye lami, tairi husagika na shafti hujikaza. Landrova za kwanza zilitumia ujanja wa baiskeli: ukiacha kukanyaga pedali, gurudumu huendelea tu. Magurudumu ya mbele yaliruhusiwa kutangulia, na yalivuta pale tu ya nyuma yalipoteleza. Ukirudi nyuma ujanja huo haukusaidia, kwa hivyo dereva alikuwa na pete ya kuvuta karibu na miguu ili aufunge. Mwaka wa 1950 wakauondoa, dereva akapewa uwezo wa kuchagua mwenyewe.

Bei ilikuwa pauni 450. Rover walidhani gari hili la shamba litawasukuma miaka miwili mitatu tu hadi chuma kipatikane. Lakini haikuchukua muda Landrova zikawa zinauzwa kuliko magari yao ya heshima. Zilifika hata kwetu. Walowezi walizinunua, na polisi pia. Nyanya yangu hazipendi mpaka leo, kwa sababu wakati wa Emajensi, kuanzia 1952, mlio wa Landrova ulimaanisha watu wa kijijini watachukuliwa. Nilipomwambia naandika habari za aliyeiunda, alinyamaza kidogo, halafu akaniuliza kama nimekula. Baada ya uhuru Landrova zikaunganishwa Thika, na watu wetu wengi wakajifunza ufundi kwazo.

Wilks mwenyewe hakupenda kujitangaza. Aliendelea na majaribio, na mwaka wa 1950 Rover ikaonyesha JET 1, gari dogo lililoendeshwa kwa injini ya tabo, jamaa ya ile jeti iliyomletea ugomvi na Whittle. Mwaka wa 1962 akawa mwenyekiti wa kampuni. Alifariki tarehe 8 Septemba 1963 huko Anglesey, akiwa na miaka 59. Gari lililotokana na mchoro wake wa mchangani liliendelea kutoka Solihull, likibadilika kidogo kidogo, hadi tarehe 29 Januari 2016.

Nilimweleza mjomba habari ya kuunga nyuma badala ya mbele. Alisikiliza hadi mwisho, akaniambia nimshikie tochi. Landrova ya yule mzee bado iko juu ya mawe nyuma ya gereji. Mjomba ameng'oa lile bamba, na sasa anatafuta giaboksi yake halisi.