Rey Johnson: Mwalimu aliyetuletea diski, na somo lake kwa kijana anayetunza seva Kisii na Nyamira

KAMA ulifanya KCPE pale Keroka, Ogembo, Nyansiongo au kwingineko Kisii na Nyamira, bila shaka unaikumbuka ile penseli ya HB. Uliweka alama kwenye herufi uliyochagua, karatasi ikaenda zake, na mashine ndiyo iliyosahihisha. Mmoja wa watu waliozianzisha mashine za aina hiyo alikuwa mwalimu wa sekondari. Na mwalimu huyohuyo ndiye aliyeongoza kikundi kilichounda diski ya kwanza ya kompyuta, babu wa ile inayozunguka ndani ya seva ya ofisi unayofanyia kazi.

Jina lake ni Reynold Johnson, ila wengi walimwita Rey. Ukiyajua maisha yake, utaelewa kwa nini seva huanza kujikokota, na ufanye nini kabla bosi hajaamua kununua nyingine.

Johnson alizaliwa 1906 katika jimbo la Minnesota, Marekani, kwa wazazi wenye asili ya Uswidi. Alikuwa mtundu. Vijana walipokuja na magari yao kuwatembelea dada zake, alichora mistari ya penseli kwenye plagi za injini. Penseli hupitisha umeme, kwa hivyo cheche zilipotea njia na gari likakataa kuwaka. Utundu huo ulikuja kumfaa.

Alihitimu Chuo Kikuu cha Minnesota 1929, mwaka ambao uchumi wa dunia ulianza kuporomoka. Akaenda kufundisha sayansi mjini Ironwood, Michigan. Mwalimu yeyote anajua mzigo wa kusahihisha mitihani usiku. Johnson akakumbuka zile plagi: kama alama ya penseli hupitisha umeme, basi mashine inaweza kuihisi na kujumlisha maksi. Kampuni ya IBM ikainunua hiyo kazi yake na kumwajiri 1934.

Mwaka 1952 IBM ilimtuma San Jose, California, akaanzishe maabara mpya. Hebu fikiria shida ya wakati huo. Rekodi za kampuni zilikuwa kwenye kadi zilizotobolewa matundu, maelfu kwa maelfu. Ukitaka ya mteja mmoja, mtu alizipekua kwa mkono. Kulikuwa na utepe wa sumaku, lakini huo ni kama kaseti ya zamani: ukitaka wimbo wa mwisho, lazima uzungushe hadi mwisho. Johnson alitaka mashine iende moja kwa moja kwenye rekodi yoyote, bila kupitia nyingine.

Kikundi chake kilipima njia kadhaa, kikaamua kutumia sahani zilizopakwa rangi yenye sumaku. Rangi hiyo ilichujwa kwa soksi ndefu za akina mama, kisha ikamiminwa kutoka kwa kikombe juu ya sahani inayozunguka. Septemba 1956 IBM ikaitangaza RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ikiwa na upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulizidi tani moja. Ilihifadhi herufi milioni 5 tu. Leo picha moja ya simu yako yaweza kuijaza. Lakini kichwa chake cha kusomea kiliweza kufika kwenye rekodi yoyote kwa kama nusu sekunde hivi.

Hiyo ndiyo zawadi ya Johnson kwetu: kuruka. Na hapo ndipo shida yetu inapoanzia.

Wewe mtu wa Gusii huhitaji mfano wa mbali. Unajua shamba la babu lilivyogawanywa. Baba ana robo ekari mlimani, kipande kingine bondeni karibu na mto, na labda kingine huko Borabu. Ukijumlisha, shamba linatosha. Lakini nusu ya siku inaishia njiani.

Faili kubwa ya hifadhidata huwa hivyohivyo. Chukua mfano wa kituo cha kununulia chai. Kila siku kilo za kila mkulima huingizwa, na faili huongezeka kidogo kidogo. Nafasi iliyo kando yake ikiwa imeshachukuliwa na faili nyingine, kompyuta hutafuta kwingine kwenye diski na kuandika hapo. Baada ya miaka mitatu, faili unayoiona kama moja imetawanyika vipande maelfu. Diski ya kawaida hutumia kama milisekunde 10 kila inaporuka. Vipande 6,000 ni dakika nzima ya kuruka tu, na hapo hujahesabu muda wa kusoma. Mkulima yuko dirishani anangoja hesabu ya malipo yake, na skrini inazungusha kiduara.

Dawa ni kuviunganisha vipande ili faili ikae mahali pamoja. Windows ina programu yake ya kazi hiyo. Lakini usikimbilie kubofya, maana hapa ndipo vijana wengi huumia.

Kwanza, nakili hifadhidata yote kwenye diski nyingine, kisha uifungue hiyo nakala uhakikishe inafanya kazi. Nakala ambayo hujaijaribu usiihesabu. Tena, seva ikiwa polepole, huenda diski yenyewe inakufa, na kuisumbua usiku kucha kunaweza kuimalizia.

Pili, jua una diski ya aina gani. Kama ni SSD, haina sahani wala kichwa cha kuruka. Kuunganisha vipande hakutakupa kasi ya maana, na utaichakaza bure.

Tatu, pima kwanza. Faili ya gigabaiti 40 yenye vipande vitano haina ugonjwa. Yenye vipande elfu kumi, hiyo ndiyo ya kutibu.

Nne, hakikisha kuna nafasi tupu. Huwezi kuhamisha mahindi kama hakuna ghala lingine. Ile programu ya Windows hutaka angalau asilimia 15 ya diski iwe wazi.

Tano, fanya kazi usiku au wikendi, huduma ya hifadhidata ikiwa imezimwa, na betri ya akiba ikiwa imechajiwa. Mvua ya Kisii unaijua, na stima nayo unaijua.

Ukimaliza, bado kuna kazi ndani ya faili yenyewe. Kurasa zake nazo huchanganyika rekodi zinapofutwa na kuongezwa, kwa hivyo jenga upya faharasa. Kisha ziba chanzo: ipangie hifadhidata iongezeke kwa hatua kubwa, tuseme gigabaiti moja kwa mpigo, badala ya megabaiti moja moja. Na uache tabia ya kuipunguza kila mwezi ili kuokoa nafasi, kwa sababu itaongezeka tena, na itaongezeka kwa vipande. Ni kama mzazi anayejua familia itakua: hutenga shamba la kutosha mapema.

Johnson alistaafu 1971 akiwa na hataza zaidi ya 90. Hakukaa bure. Aliendelea kubuni, vikiwemo vitabu vya watoto vinavyotoa sauti, maana ualimu haukumtoka. Serikali ya Marekani ilimtunuku Nishani ya Taifa ya Teknolojia 1986. Alifariki Septemba 1998 huko Palo Alto, California, akiwa na umri wa miaka 92.

Angalia safari yake: hakuanza na maabara, alianza na penseli na kero ya kusahihisha mitihani. Wewe pia una kero yako hapo ofisini, ile seva ambayo kila mtu anailaumu. Usiogope kuifungua na kujua kinachoendelea ndani. Ila nakala kwanza, kijana. Kilo za chai za mama fulani kule Nyamira zimo humo, na hana daftari lingine.