ALIZIKA MKE NA MTOTO UGENINI

Kijana mpendwa, umewahi kukaa mahali huna ndugu wala rafiki? Basi sikia habari za Ludwig Krapf, Mjerumani aliyekuja Mombasa mwaka 1844 kufundisha Neno la Mungu. Mwezi wa saba mwaka huohuo homa ilimuua mkewe Rosine. Siku chache baadaye mtoto wao mchanga naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kwa homa hiyohiyo.

Unadhani alifunga mizigo akarudi kwao? Wapi! Alimlilia Yesu, na Yesu akamfariji. Aliendelea kuitafsiri Biblia kwa Kiswahili. Mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann walihamia Rabai, wakafungua shule.

Mwaka 1881, akiwa mzee huko Ujerumani, alikutwa amekufa, magoti yake chini kando ya kitanda. Alikuwa akiomba!

Je, wewe ukibaki peke yako usiku unakimbilia wapi? Pombe? Bangi? Disko? Asubuhi machozi yako palepale.

Rafiki, Yesu wa Krapf yu hai. Piga magoti sasa hivi, tubu, umwite. Kesho si yako.