Shankly: Kocha aliyegawa kazi hadi timu ikaweza bila yeye

KWENYE ligi za vijijini tuna ugonjwa mmoja. Kocha mpya akitua, cha kwanza ni kuwafukuza wasaidizi aliowakuta. Makipa anawafundisha yeye, mazoezi ya viungo yeye, bandeji anafunga yeye. Mvuvi yeyote wa hapa bwawani Nyumba ya Mungu atamcheka. Kwenye mtumbwi mmoja anapiga kasia, mwingine anavuta nyavu, mwingine anachota maji. Leo tumkumbuke mzee aliyelijua hilo mapema, Bill Shankly.

Alizaliwa Septemba 2, 1913, Glenbuck, kijiji cha wachimba makaa ya mawe kule Scotland. Kwao walikuwa watoto kumi, wavulana watano, na wote watano walicheza soka la kulipwa. Yeye alianzia mgodini kabla mpira haujamtoa. Akiwa kiungo wa Preston North End alibeba Kombe la FA 1938, kisha akafundisha Carlisle, Grimsby, Workington na Huddersfield.

Desemba 1959 akaenda Liverpool. Usiifikirie hii ya leo, ndugu yangu. Ile ilikuwa daraja la pili, na uwanja wake wa mazoezi, Melwood, ulikuwa umechoka. Kwenye benchi aliwakuta Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett. Bosi mpya akija, wasaidizi huwa wanajua kibarua kimeota nyasi. Shankly akawabakiza wote, kwa sharti la uaminifu tu. Panga lilipita kwa wachezaji: 24 walionyeshwa mlango.

Kila mmoja akawa na lake. Bennett alisimamia pumzi na viungo. Fagan alikaa na kikosi cha akiba. Paisley, aliyewahi kuichezea Liverpool, alishika majeruhi na alikuwa na jicho kali la mbinu. Baadaye akaja Tom Saunders, mwalimu wa shule, akapewa vijana na kazi ya kwenda Ulaya kuwachungulia wapinzani. Walikutana kwenye chumba kidogo cha kuhifadhia viatu pale Anfield, na mazoezi ya kila siku yakaandikwa daftarini. Shankly alibaki na uamuzi wa mwisho na kuwapandisha vijana mori.

Matunda yakaonekana. Walipanda daraja 1962, wakatwaa ubingwa 1964, 1966 na 1973, Kombe la FA 1965 na 1974, na Kombe la UEFA 1973.

Wamarekani nao, kwenye timu za vyuo vikuu za ule mpira wao wa kofia ngumu, wamegawa hivyo hivyo: kuna kocha wa mashambulizi, wa ulinzi, na wa vikosi maalumu vinavyoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu. Hata Arsenal ya sasa ina Nicolas Jover, ambaye kazi yake ni kona na mipira ya adhabu.

Julai 1974 Shankly akang'atuka ghafla, mashabiki hawakuamini. Lakini timu haikuyumba. Paisley alichukua ubingwa mara sita na Kombe la Ulaya mara tatu. Fagan akafuata, msimu wake wa kwanza akabeba makombe matatu, 1984.

Mzee mwenyewe alikuwa bado anakwenda Melwood. Wachezaji waliendelea kumwita bosi, na hapo Paisley akawa kwenye wakati mgumu. Mwishowe Shankly akajiona hatakiwi pale alipopajenga, na jambo hilo lilimuuma sana. Alifariki kwa maradhi ya moyo Septemba 29, 1981, miezi minne tu baada ya Paisley kutwaa Kombe la Ulaya la tatu.

Hiyo ndiyo bei ya kugawa kazi vizuri: siku moja watakuweza bila wewe. Kocha wetu wa kijijini anaiogopa bei hiyo, ndiyo maana akiondoka yeye, timu nayo inakufa.