Bibi Louisa Alcott na Mwisho wa Kitabu Chake

Baadhi yenu mliisoma shuleni hadithi ya dada wanne, Meg, Jo, Beth na Amy, iitwayo Little Women. Walioisoma hubishana mpaka leo. Kwa nini Jo alimkataa Laurie, kijana tajiri wa jirani aliyempenda tangu ujana wao, akaja kuolewa na mwalimu Mjerumani, mtu mzima asiye na mali? Ili tuuelewe mwisho huo, twaona vema tuyatazame maisha ya mwandishi mwenyewe.

Louisa May Alcott alizaliwa tarehe 29 Novemba, 1832, huko Germantown, Pennsylvania, nchini Marekani, akaishi miaka mingi katika mji mdogo wa Concord, Massachusetts. Baba yake, Bwana Bronson Alcott, alikuwa mwalimu mwenye fikra kubwa na mfuko mtupu. Mwaka 1843 aliwahamishia jamaa yake shambani, waishi na wenzake wachache bila kula nyama. Baridi ilipoingia, mambo yakavunjika. Mzigo wa nyumba ulimwangukia mama, na baadaye Louisa. Alishona nguo, alifundisha watoto, hata utumishi wa nyumbani aliufanya. Tena aliandika visa vya kutisha kwa jina la kubuni, maana vilileta fedha. Mdogo wake Elizabeth, ndiye Beth wa kitabuni, alifariki mwaka 1858. Mwishoni mwa 1862, Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe, alikwenda kuuguza askari majeruhi. Baada ya majuma machache alishikwa na homa kali ya matumbo, akapewa dawa yenye zebaki, na afya yake haikurudi kama zamani.

Mchapishaji alipomwomba kitabu cha wasichana hakufurahi, lakini aliandika. Sehemu ya kwanza ilitoka 1868. Wasichana wakamletea barua wakitaka Jo aolewe na Laurie. Louisa alipenda Jo abaki bila mume, akiandika vitabu. Katika sehemu ya pili, mwaka 1869, alikubali nusu tu: Jo ataolewa, lakini si na Laurie.

Wengine husema hapo alishindwa na wasomaji wake. Sisi hatuoni hivyo. Tazameni kurasa za mwisho: Jo amerithi jumba kubwa la Plumfield kutoka kwa jamaa yake mzee. Angeweza kuliuza. Badala yake yeye na mumewe wanalifanya shule ya wavulana. Wana wa matajiri walipe, na watoto maskini wapate mahali. Wala hajakata tamaa ya kuandika kitabu kizuri siku moja. Uamuzi mzito wa Jo uko hapo, kuliko katika arusi yake.

Louisa mwenyewe hakuolewa. Fedha za kitabu zililipa madeni ya nyumbani. Mume wa dada yake Anna alipofariki mwaka 1870, aliandika Little Men, hadithi ya shule ile ya Plumfield, akiwafikiria mjane na wanawe wawili. Mdogo wake May alifariki Ufaransa mwaka 1879 baada ya kujifungua. Mtoto, Lulu, alivushwa bahari, na Louisa akamlea.

Bwana Alcott alifariki tarehe 4 Machi, 1888. Siku mbili baadaye Louisa naye alifariki, akiwa na miaka 55, akazikwa Concord. Lulu alirudishwa Ulaya kwa baba yake.