Zaaf: Simba wa Chebli aliyelala kwenye mizabibu, dunia ikasema kalewa

KWENYE soka wapo wachezaji waliofunga mabao kibao lakini mashabiki wanawakumbuka kwa penalti moja tu waliyopaisha. Mbio za baiskeli nazo zina mtu wao wa namna hiyo. Anaitwa Abdel-Kader Zaaf, Mualgeria, na mchana mmoja wa Julai 1950, chini ya mti kando ya barabara kusini mwa Ufaransa, ulimeza kila kitu alichofanya kabla na baada yake.

Barabara zenyewe ni zile za Languedoc, kati ya milima ya Pyrenees na mji wa Nîmes. Ni nchi ya mvinyo. Siku hizi watu husafiri kutoka mbali kwenda kuendesha baiskeli huko taratibu, kwa sababu kwenye njia za ndani magari ni machache na unaweza kwenda kilomita kadhaa ukiwa na mizabibu kushoto, mizabibu kulia, na kelele za nyenze tu juu ya miti. Raha tupu. Ila usiende mwezi wa saba saa nane mchana, na usiende ukiwa unakimbizwa na waendesha baiskeli bora wa dunia.

Zaaf alizaliwa Januari 28, 1917 katika mji mdogo wa Chebli, kwenye tambarare ya Mitidja, kusini mwa Algiers. Algeria ilikuwa chini ya Ufaransa na walowezi walikuwa wamepanda mizabibu kwenye sehemu kubwa ya tambarare hiyo. Mvinyo wa huko ulivushwa bahari kwa meli, ukashushwa kwenye bandari ya Sète na kuchanganywa na mvinyo mwepesi wa hapo hapo Languedoc. Kwa hiyo jamaa alikuwa ameiona mizabibu tangu utotoni. Kilichomponza wala hakikuwa kigeni kwake.

Kwenye baiskeli alikuwa mtu wa nguvu na wa fujo. Hakuwa fundi wa milimani, na hesabu za kusubiri dakika ya mwisho hazikuwa zake. Yeye alikuwa akitoka mbele mapema, kama winga anayekokota mpira kutoka nusu yake bila kuangalia nani anamfuata. Walimbatiza jina la Simba wa Chebli. Mwaka 1948 alishiriki Tour de France kwa mara ya kwanza. Zama hizo waendeshaji hawakugombea kwa timu za kampuni kama sasa. Kulikuwa na timu za taifa, halafu timu za mikoa ya Ufaransa, na Afrika Kaskazini ilikuwa na timu yake ndogo ikihesabiwa kama mkoa mwingine tu. Kwa lugha ya soka, hao ndio wale wanaopangiwa mechi ya ufunguzi ili bingwa apashe misuli.

Tour ya 1950 ilikuwa na vurugu tangu mapema. Waitaliano, wakiwa na nyota wao Gino Bartali na jezi ya njano mgongoni mwa Fiorenzo Magni (hapa Yanga hawahusiki), walijitoa wote baada ya mashabiki kuwafanyia fujo kwenye Milima ya Pyrenees. Jezi ikaenda kwa Mswisi Ferdi Kübler. Walianza watu 116, na mpaka mwisho Paris walifika 51 tu. Joto lilikuwa la kuua. Siku chache baadaye kundi kubwa la waendeshaji liliacha barabara pale Sainte-Maxime, likaenda kujitosa baharini na baiskeli zao, waandaaji wakabaki wanafoka.

Julai 27 ilikuwa hatua ya 13, kutoka Perpignan hadi Nîmes, kilomita 215. Kwa jua lile, kundi kubwa likafanya kile ambacho timu mbili hufanya zikihitaji sare: kila mtu akapunguza mwendo, hakuna wa kumsumbua mwenzake. Zaaf hakutaka kusikia. Akachomoka, na mwenzake wa timu ya Afrika Kaskazini, Marcel Molinès, akaenda naye.

Nyuma hakuna aliyejisumbua. Nani awahofie hawa? Pengo likafunguka mpaka likapita robo saa. Barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mbio, kwa hiyo mbele yao hakukuwa na lori wala mkokoteni, ni lami inayotoa mvuke, mashamba ya mizabibu na watu wachache waliosimama kivulini. Wawili hao wakapokezana kukata upepo kwa saa kadhaa.

Hapa lazima kueleweka jambo moja kuhusu mbio za enzi zile. Maji yalikuwa shida. Mwendeshaji alibeba chupa zake chache, na mafundi wa zamani waliamini kwamba kunywa sana kunalegeza miguu. Zikiisha, ilikuwa kawaida kwa waendeshaji kuvamia baa ya kijijini, kubeba chochote kilicho mezani, iwe maji, bia au mvinyo, na kuondoka mbio. Mashabiki nao waliwapa chupa, na aliyepewa alikunywa bila kuuliza. Na vidonge vya kuamsha mwili vilitumika waziwazi. Ufaransa ilikuja kutunga sheria dhidi ya dawa hizo mwaka 1965, miaka 15 baadaye.

Zikiwa zimebaki kilomita chache kufika Nîmes, Zaaf akakata moto. Baiskeli ilianza kuyumba kutoka upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Molinès alimwangalia, akaona hakuna cha kusubiri, akaenda zake. Zaaf akaanguka, watu wakamsogeza chini ya mti. Wakulima wa mizabibu waliokuwa hapo wakafanya ambacho mkulima yeyote wa mizabibu angefanya: walichukua kilichokuwa karibu, yaani mvinyo, wakammwagia ili azinduke.

Alizinduka kweli. Inasimuliwa kwamba alipanda baiskeli akaanza kupiga pedali kwa nguvu zote, akielekea alikotoka, Perpignan. Hapo wakamzuia na gari la wagonjwa likambeba. Waandishi waliofika walikuta mtu mwenye macho mazito ananuka mvinyo kuanzia kichwani hadi kwenye jezi. Nani angengoja maelezo? Habari ikaenda: Mualgeria kalewa mbioni. Picha yake akiwa hoi chini ya mti ikazunguka magazetini, na ni miongoni mwa picha maarufu za Tour hadi leo.

Zaaf alikuwa Muislamu. Wapo waliosema hakuwahi kugusa pombe, wapo wanaosema alipewa chupa asijue ndani kuna nini, na wapo wanaovitaja vile vidonge pamoja na jua. Ukipima yote, mtu aliyekaa saa nzima nzima mbele ya kundi kwenye joto lile bila maji ya kutosha hahitaji mvinyo ili aanguke. Harufu ilikuwa kwenye nguo. Lakini harufu ndiyo iliyoandikwa.

Kinachouma zaidi ni kilichofunikwa. Mchana ule ule Molinès alifika Nîmes peke yake na kushinda hatua. Kesho yake, kutoka Nîmes hadi Toulon, akashinda Custodio Dos Reis, mzaliwa wa Morocco, wa timu hiyo hiyo. Timu iliyochukuliwa kama ya kujazia nafasi ikashinda siku mbili mfululizo mbele ya Kübler, Stan Ockers na Louison Bobet! Biniam Girmay wa Eritrea alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua ya Tour mwaka 2024, bara zima lilishangilia, na ilistahili. Ila miaka 74 kabla yake timu ya Afrika Kaskazini ilikuwa imeshafanya hivyo, na stori iliyobaki ni ya yule aliyelala.

Inaelezwa kwamba asubuhi iliyofuata Zaaf alitokea akiomba arudishwe kwenye ule mti, amalizie kilomita zilizobaki, kisha aanze hatua mpya na wenzake. Waamuzi wakakataa. Hakumaliza hatua, basi Tour imeisha kwake.

Kichekesho ni kwamba kuanguka kulimlipa. Baada ya Tour, miji ya Ufaransa ilikuwa na mbio fupi za maonyesho ambako mwendeshaji alilipwa kulingana na jina lake, na mwaka huo jina la Zaaf lilikuwa kubwa kuliko la wengi waliofika Paris. Watu walitaka kumwona yule jamaa wa mvinyo. Alikubali mwaliko, alikubali utani, alichukua pesa. Mtu wa Chebli mwenye familia angefanya nini kingine?

Mwaka 1951 akarudi, na barabara zikampeleka tena kwenye mizabibu ile ile. Katika hatua ya 16, Carcassonne hadi Montpellier, ni yeye aliyechokoza nyuki. Alishambulia mapema, Hugo Koblet akafuata, moto ukawaka. Fausto Coppi, aliyetoka kumzika mdogo wake Serse wiki chache tu kabla, alisambaratika na kupoteza zaidi ya nusu saa. Koblet akashinda hatua na baadaye Tour nzima. Aliyewasha kiberiti hatajwi sana kwenye simulizi za siku hiyo.

Safari hiyo Zaaf alifika Paris. Alikuwa wa 66 kati ya 66, karibu saa tano nyuma ya Koblet. Huku kwetu tungesema ameburuza mkia. Kule wa mwisho huitwa taa nyekundu, kama ile ya nyuma ya treni, na mashabiki humshangilia karibu sawa na bingwa. Watu 57 kati ya walioanza naye hawakuiona Paris kabisa.

Alishiriki tena 1952, kisha akafifia. Algeria ikaingia vitani mwaka 1954 na kupata uhuru 1962. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana tena Ufaransa, mzee mwenye kisukari aliyekuja kutafuta matibabu ya macho yaliyokuwa yakizima. Waliomtambua walimuuliza kuhusu mvinyo.

Alifariki dunia Algiers, Septemba 22, 1986, akiwa na miaka 69.